Msome punda mgongoni kabla jasho halijakauka

Kwa wanaobeba mchanga na matofali kwa punda, kama sisi wa Lamu: ukishamshusha mzigo, usikimbilie kumfuta. Ondoa magunia yaliyotandikwa mgongoni chini ya mzigo, utazame jasho limekaaje. Manyoya yakiwa yameloa pande zote mbili sawasawa, na mstari wa uti wa mgongo ni mkavu, mambo ni mazuri. Pale kwenye uti hapatakiwi kuguswa na kitu. Ila ukiona kiraka kikavu cha ukubwa wa kiganja katikati ya sehemu iliyoloa, hapo pana shaka. Mara nyingi mzigo umegandamiza ngozi mpaka jasho halitoki, na kidonda hakiko mbali. Bonyeza kwa vidole viwili. Akinywea mgongo au akirusha mkia, mpumzishe, kisha ongeza unene wa magunia kushoto na kulia ili mzigo usilalie mfupa. Usikate tundu kwenye gunia mahali panapouma (nilifanya hivyo mimi, kingo za tundu zikamchuna).

Hasikii maumivu? Huenda gunia halikugusa hapo kabisa. Lipange upya, uangalie tena kesho.

Kusoma jasho hivi hakusaidii kama amenyeshewa, au safari ilikuwa fupi hata hakutoka jasho. Na zikishaota nywele nyeupe mgongoni umechelewa: ngozi hapo iliumia zamani, na kwa kawaida rangi hairudi.