Kabla ya Kwenda kwa Daktari wa Moyo Kisumu

ECG ya kawaida, yaani kipimo cha umeme wa moyo, hunasa sekunde 10 tu za mapigo yako. Moyo ukienda mbio Jumanne usiku nawe upimwe Alhamisi asubuhi, karatasi inaweza kutoka safi kabisa. Kwa hiyo cha kwanza kuandaa ni daftari. Andika tarehe, saa, ulikuwa ukifanya nini, hali ilidumu kwa muda gani, na kama ulipata kizunguzungu. Mapigo yakianza kwenda mbio, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu kwa dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 kisha ukazidisha. Mapigo yanayorukaruka hayahesabiki hivyo.

Miguu ikiwa inafura au pumzi inakatika, jipime uzito kila asubuhi kabla ya chai, kwenye mizani ileile. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, mara nyingi hayo ni maji, na usingoje siku ya kliniki kuyasema. Hesabu pia mito ya kulalia. Aliyekuwa akilalia mmoja na sasa hapati usingizi bila mitatu ana habari nzito ya kumpa daktari, na inanisikitisha kwamba wengi huificha wakidhani ni uzee.

Beba dawa zote na pakiti zake, za kienyeji pia, na vidonge vya mgongo ulivyonunua dukani. Hivyo hasa ndivyo visivyotajwa, ilhali diklofenaki na ibuprofeni huufanya mwili kushikilia chumvi na maji, na moyo dhaifu huzidiwa. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aje na rekodi zake za INR, kipimo cha jinsi damu inavyoganda. Osuga na sukuma wiki hajakatazwa. Ale kiasi kisichobadilika sana wiki hadi wiki, maana mboga hizo hugusa nguvu ya dawa hiyo.

Halafu kuna Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo. Anayetoka Busia au Homa Bay kwa matatu huiruka asubuhi hiyo kwa kuogopa mkojo njiani, akifika amefura na kuhema, na daktari anadhani dawa imeshindwa. Uliza mapema kama unaweza kuimeza ukishafika.

Karatasi za ECG za zamani piga picha na utoe fotokopi, kwa sababu michoro yake hufifia. Tafadhali usizilamineti: joto la mashine huzifanya nyeusi tii. Ripoti ya eko, kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, nayo ibebe, hata ya miaka mingi, ili daktari alinganishe nguvu ya moyo ya wakati ule na ya sasa. Barua ya rufaa na bima ya afya ya SHA vihakikishe siku chache kabla.

Nenda na mtu anayelala nyumba moja nawe. Yeye ndiye anayekusikia ukikohoa usiku.

Ukizirai, ukibanwa kifua au ukikosa pumzi hata umeketi, achana na tarehe ya kliniki, nenda kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, iwe usiku au mchana.