Waridi la kunukia kwenye mchanga wa Lindi na Mtwara

Kabla ya kununua mche, nusa ua lake. Mawaridi mengi yanayouzwa yana rangi nzuri lakini hayanukii, na hakuna mbolea itakayoyatia harufu.

Mchanga wa pwani haukai na maji wala chakula, kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye shimo. Novemba, kabla ya mvua, chimba sentimita 50 kwa 50, kina 50. Changanya udongo na debe moja na nusu la samadi iliyooza kabisa, rudishia, acha wiki 2. Samadi mbichi huunguza mizizi. Penye mawe ya matumbawe ongeza debe la mboji: chokaa huunyima mmea madini ya chuma, majani machanga yakawa njano huku mishipa ikibaki kijani.

Panda mahali penye jua la saa zisizopungua 6, nyuma ya ukuta au ua unaokinga upepo wa kusi, kwani chumvi yake hukausha kingo za majani. Maji ya kisima yenye chumvi hufanya vivyo hivyo. Shina hadi shina iwe mita 1.

Kiangazi, mpe kila mche lita 5 kila baada ya siku 2, asubuhi, shinani tu. Majani yakilala yameloa, madoa meusi huingia; yaokote yaliyoanguka uyachome. Tandaza nyasi kavu au makumbi ya nazi, ukiacha upana wa kiganja kuzunguka shina. Usitumie maganda ya korosho: mafuta yake huunguza mikono ya mpaliliaji.

Ubwiriunga, yaani ukungu mweupe kama unga juu ya majani, ndio unaosumbua zaidi. Wa waridi ni kuvu tofauti na yule wa mkorosho, ila salfa huwatibu wote wawili. Fuata kipimo cha kwenye pakiti, pulizia jioni, na uache kabisa joto likizidi nyuzi 30 au kama umepaka mafuta ya mwarobaini ndani ya wiki 2, la sivyo majani yataungua. Maua ya kikuba au ya maji ya waridi yasiguswe na dawa yoyote.

Juni, pogoa theluthi moja. Kata kwa mshazari, nusu sentimita juu ya jicho (panapochipua tawi) linalotazama nje, ili kichaka kipitishe hewa katikati. Maua mapya huja baada ya wiki 6 hadi 8. Yachume kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Jua likipanda, harufu huruka.