Ukijua utakesha, lala mingi wiki moja mbele
Wenzangu wa Goma munaofanya zamu ya usiku ao mutakesha kwenye kilio, musingoje kuchoka njo mulale. Wiki nzima mbele, ingia kitandani saa mbili ya usiku utoke saa kumi na mbili ya asubui, ni masaa 10, simu uizime kabisa. Utafiti wa Walter Reed, taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, uliotoka 2009 ulijaribu ivyo kwa watu 24: wiki moja bamoja balikuwa kitandani masaa 10 kila usiku, bengine kama kawaida yao, kisha bote masaa 3 tu kila usiku, siku 7. Ba masaa 10 abakuchelewa sana kama bengine kwenye kipimo cha kubonyeza mbio ukiona alama, na bakarudilia nguvu mbio. Lakini kulala mingi mbele akuondoe usingizi yote ya kukesha, motari wa pikipiki aliyekesha asibebe mtu tafazali.