SOMO: Kumkinga mzazi asianguke akavunjika nyonga (soma yote kabla hujauliza)

Wiki hii nimepigiwa simu nne, swali ni lile lile: "Bibi kaanguka bafuni, tumchue na nini?" Nimechoka kurudia. Naandika mara moja, mwingine akiuliza namtumia hii.

Kazi yangu ni fizio (tiba ya viungo kwa mazoezi), niko Moshi. Na kabla hujaniona mjuaji: mama yangu mwenyewe alivunjika nyonga nikiwa na miaka tisa kazini. Utasoma hatua ya 4.

Kwanza mfupa wenyewe. Wazee wakianguka mara 100, ni mara moja au mbili tu nyonga inavunjika. Tofauti inatokana na namna ya kuanguka. Weka kiganja kiunoni, ukishushe kwa pembeni mpaka uguse mfupa uliojitokeza juu ya paja. Huo ukigonga sakafu moja kwa moja, hatari ya kuvunjika inapanda mara 30 hivi. Ukitembea, shingo ya mfupa wa paja (sehemu nyembamba karibu na kiungo cha nyonga) inabanwa upande wa chini, inavutwa upande wa juu. Kwa hiyo ule wa chini, kwa kuwa una kazi kila siku, unabaki mnene. Wa juu unakonda kadiri umri unavyokwenda. Sasa angukia ubavu: mbano unahamia juu, kule kule kulikokonda.

Hatua ya 1. Taa ya kuchaji karibu na kitanda. Umeme haupigi hodi ukiondoka.

Hatua ya 2. Ndala zilizolika, tupa. Kiatu kishike kisigino. Kitenge kisiburuze.

Hatua ya 3. Dawa zake zote, hasa za presha na za usingizi, zipeleke kwa daktari azipitie. Usimwachishe kwa uamuzi wako. Akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo, ndipo asimame. Mpime presha amelala, halafu amesimama: namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu, mwambie daktari.

Hatua ya 4. Kishikio cha chooni. Hapa ndipo nilipoharibu.

Mama yuko Kibosho. Nilimjengea choo cha kukaa ndani ya nyumba, nikaweka vigae vya kukwaruza, nikapiga marufuku sabuni kumwagwa sakafuni, kwa sababu kichwani mwangu adui alikuwa utelezi. Fundi wa kuchomelea akaleta bomba la chuma zuri kabisa. Ukuta wa pembeni, akasema, una bomba la maji ndani, kishikio tukifunge nyuma ya choo. Nikakubali, nilikuwa nawahi gari. Wiki haikuisha. Mama alikwenda kukaa, akageuka kulitafuta bomba kwa mkono wa kulia. Mabega yalizunguka, miguu ikabaki palepale, uzito wote ukaangukia mguu mmoja, naye akashuka ubavu. Nilipoingia, sakafu ilikuwa kavu, kopo la maji limejaa, halijaguswa. Mguu wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto na unyayo umegeukia nje. Sikuhitaji eksirei.

Baadaye ndipo nikasoma kazi ya Stephen Robinovitch na wenzake wa Kanada, ya mwaka 2013. Walifunga kamera kwenye nyumba mbili za wazee, wakanasa maanguko 227. Asilimia 41 yalitokana na kuhamisha uzito vibaya: kugeuka, kuinama, kufikia kitu. Kujikwaa asilimia 21. Kuteleza? Asilimia 3. Sawa, kule ni sakafu za ndani, siyo njia ya Kibosho mwezi wa nne. Lakini choo changu nacho kilikuwa ndani.

Kwa hiyo:
– Kishikio kiwe PEMBENI, mbele kidogo ya mwili. Akiwa amekaa, akifikie bila kugeuza mabega.
– Kiingie ukutani kwa zege, siyo kwa skrubu za plagi ya plastiki. Kabla yeye hajakigusa, ning'inia wewe.
– Chuma cha taulo siyo kishikio. Sinki siyo kishikio.
– Mfundishe kugeuka kwa vihatua vidogo, miguu itangulie, mabega yafuate.

Hatua ya 5. Mazoezi: kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono, kusimama mguu mmoja huku ameshika meza. Mazoezi ya aina hii yanapunguza maanguko kwa karibu robo, lakini hesabu miezi, usihesabu siku.

Hatua ya 6. Akianguka usimvute kwapani. Maumivu ya kinena, mguu hauinuki, umefupika au umegeukia nje: asisimamishwe, asichuliwe, ni hospitali. Na wapo wanaotembea mfupa ukiwa umepasuka.

MASWALI

Mdau wa Sakina: Somo zuri mkuu. Bibi ameanguka jana, paja linamuuma, tumchue na nini?

Jibu: Hatua ya 6.

Mdau wa Sakina: Ila anatembea, anachechemea tu.

Jibu: Sentensi ya mwisho ya hatua ya 6. Tafuta gari sasa hivi, kusoma utaendelea ukiwa njiani.

Kijana wa Pasua: Ndefu sana. Fupisha.

Jibu: Kishikio pembeni.

Mzee wa Hoja: Fizio mzima unamwekea mama yako bomba mgongoni?

Jibu: Ndiyo. Ndiyo maana nimeandika.

Mama Neema: Pole sana kaka, mama anaendeleaje? Baba yangu ni mnene. Unene unamkinga au unamponza?

Jibu: Asante dada. Alipasuliwa, leo anatembea na fimbo. Swali lako ni zuri. Nyama na mafuta ya pembeni ya nyonga hupunguza pigo, ndiyo maana wazee wembamba huvunjika zaidi. Wenzetu wana chupi zenye pedi pembeni kwa sababu hiyo hiyo; shida ni kwamba wazee wanazivua. Lakini unene haumsaidii baba kugeuka vizuri, hatua ya 5 asiikwepe.

Mama Neema: Na fimbo, ashike upande wa mguu mbovu?

Jibu: Mkono wa upande wa PILI. Ukisimama mguu mmoja, misuli ya pembeni inavuta kwa nguvu ili kiuno kisilale, na nyonga inabeba karibu mara tatu ya uzito wako. Fimbo ikiwa mbali na nyonga hiyo inaisaidia misuli kazi, kama unavyoshika mpini wa jembe mwishoni na siyo karibu na chuma. Urefu: mkono ukining'inia, kichwa cha fimbo kifike mkunjo wa kifundo cha mkono.

Mdau wa Marangu: Mpira wa chini ya fimbo ukiisha, fundi viatu anakata tairi. Sisi choo ni cha kuchuchumaa, tumetoboa kiti cha plastiki.

Jibu: Miguu ya plastiki hutanuka kwenye zege lenye maji. Seremala akupe cha mbao, kipana chini.

Mama Neema: Nimemkalisha baba chooni, nimechora mkaa ukutani mkono wake unapofika, pembeni, mbele kidogo ya paja. Ni hapo?

Jibu: Ni hapo hapo kwenye mkaa. Fundi akikwambia kuna bomba la maji, ahamishe bomba la maji.