Kiingereza hakiendi neno mojamoja: jinsi ya kunasa maneno yanayotembea pamoja

Nafundisha Kiingereza jioni hapa Kampala, wanafunzi wangu wengi ni wafanyabiashara kutoka upande wa Bwera, kule mpakani, na Congo, Kiswahili wanacho toka nyumbani, na kinachowasumbua wala si grama. Maneno wanayajua mengi sana ila wakiyaunganisha mtu anakunja uso. "I drank medicine." "There was big rain." Kila neno liko sawa lakini hayo hayatembei pamoja, wenye lugha yao wanasema "take medicine" na "heavy rain", basi.

Usiulize kwa nini. Sisi tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, na mgeni anayejifunza Kiswahili inabidi ashike hivyohivyo. Na wewe shika.

Hatua ya 1. Soma vitu vya kazi yako. Unauza vitenge? Kurasa za biashara za magazeti ya New Vision au Daily Monitor. Unatembeza watalii? Matangazo ya hoteli na mbuga. Habari moja fupi kwa siku inatosha, kukariri orodha ndefu ya maneno magumu hakusaidii, nimeona watu wamekariri mamia na bado wanaandika "do a decision".

Hatua ya 2, na hapa ndo kazi yenyewe ilipo. Tafuta nomino kwanza, halafu angalia majirani zake, kushoto na kulia. Chukua "price": bei zenyewe zikipanda ni "prices rise", lakini mwenye duka akizipandisha ni "raise prices", ukichanganya hapo mteja anashangaa. Chukua "loan": wewe "take out a loan", benki "approves" huo mkopo, kisha wewe tena "repay". "Decision" ni "make" au "reach". "Mistake" ni "make", siku zote "make", mimi mwenyewe niliwahi kuandika "I did a mistake" kwenye barua ya kuomba kazi, ikarudi imezungushiwa kalamu nyekundu, na sitaki limkute mtu mwingine. Piga mstari chini ya kundi zima la maneno, usipige chini ya neno moja.

Hatua ya 3. Daftari. Nomino moja ukurasa mmoja, andika sentensi nzima kama ulivyoikuta, na pembeni Kiswahili cha kundi zima: "take out a loan" ni kukopa benki, usianze kutafuta "out" imetoka wapi.

Hatua ya 4. Hakiki. Google, weka kundi lako ndani ya alama za nukuu, usipoweka inakuletea maneno yametawanyika. Usidanganywe na wingi wa majibu, angalia nani kaandika, ni gazeti au ni mtu anayejifunza kama wewe. Ukitaka uhakika zaidi kuna COCA, hazina ya mtandaoni ya maneno zaidi ya bilioni 1 ya Kiingereza cha Marekani, unajisajili bure, unaweka nyota mahali pa neno usilolijua, "* a decision", inakuonyesha watu wanaweka nini hapo. Cha Uingereza kiko kwenye BNC, maneno milioni 100, ila ni ya zamani kidogo.

Halafu sisi Uganda tuna makundi yetu. Rafiki hajakuona siku nyingi anakwambia "you are lost", kwenye takisi wanakwambia "extend" ili usogee. Simwambii mtu aache, watu tunaelewana vizuri kabisa, ila kwenye daftari weka UG pembeni, maana ukimwandikia mtu wa London hivyo atafikiri kuna mtu amepotea kweli.

Hatua ya 5. Tumia makundi ya leo kabla hujalala. Rekodi voisi ya WhatsApp kwa mwenzako, sentensi 3 za maisha yako ya kweli, mkopo wako, duka lako, mvua ya leo.

Jumapili fungua daftari, funika vitenzi kwa mkono, acha nomino tu, sema kwa sauti. Kundi likikushinda mara mbili lihamishie ukurasa wa wiki inayokuja, uanze nalo Jumatatu asubuhi.