Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuunda Baiskeli ya Mbio Kidogo Kidogo kwa Bajeti Ndogo

Kabla ya kununua hata bolti moja, ni vyema kukubali jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: baiskeli iliyoundwa kwa vipuri vipya vilivyonunuliwa kimoja kimoja kwa kawaida hugharimu zaidi ya baiskeli nzima ya kiwango hichohicho, kwa kuwa kiwanda hununua vipuri kwa wingi na kwa bei ambayo mnunuzi wa rejareja haipati. Manufaa ya njia hii yako kwingine. Gharama hugawanyika katika miezi mingi, vipuri vilivyotumika hupata nafasi, na mwishowe mtu huwa na baiskeli inayolingana na mwili wake na anayoijua hadi beringi ya mwisho.

Hatari kubwa ya kununua kidogo kidogo ni vipuri visivyooana. Gurudumu likinunuliwa leo na fremu baada ya nusu mwaka, kosa litagunduliwa wakati ambapo muda wa kurudisha dukani umekwisha. Kwa hiyo anza na daftari, na ukurasa wake wa kwanza uwe wa fremu, kwa maana fremu ndiyo inayoamua karibu kila kipimo kinachofuata.

Katika kuchagua fremu, saizi itangulie rangi, uzito na jina. Urefu wa siti hurekebishwa kwa urahisi, lakini umbali kati ya siti na usukani hurekebishwa kwa kiasi kidogo tu, kwa kubadilisha shingo ya usukani, yaani kipande kinachoushika usukani. Fremu iliyo ndefu kupita kiasi kwa mwili wako, hata ukiipewa bure, itakuumiza mgongo na mabega. Kama kuna baiskeli unayoiendesha kwa starehe, pima umbali huo na uuandike.

Baada ya saizi, vipimo vya maungio viandikwe kwa milimita. Nafasi ya nyuma inayopokea gurudumu ni milimita 130 katika fremu nyingi za breki za ringi (zinazobana ukingo wa gurudumu), na milimita 142 katika nyingi za breki za diski zenye ekseli ya kupenya, yaani mhimili unaopita katikati ya gurudumu na kufungwa kwenye fremu. Fremu za zamani huwa na 126, na hizo, zikiwa za chuma tu, fundi mzoefu anaweza kuzipanua hadi 130. Bomba linalobeba beringi za kranki (mikono ya pedali) linaweza kuwa la hesi, yaani lenye mikato ya kukazia kama ya bolti, au la kushindiliwa. Kwa mwenye bajeti ndogo ningependekeza bila kusita lile la hesi la kipimo cha Kiingereza, lenye upana wa milimita 68, kwa sababu beringi zake hupatikana kwa urahisi na hufunguliwa kwa kifaa rahisi. Ikumbukwe tu kwamba upande wake wa kulia, penye cheni, una hesi za kinyume. Wasiojua hilo wamekaza walipodhani wanafungua, na hesi za fremu zikaharibika. Andika pia kipenyo cha nguzo ya siti inayoingia kwenye fremu, ambacho mara nyingi ni milimita 27.2, na umbo la shina la uma, yaani sehemu inayoshika gurudumu la mbele: uma ambao shina lake ni nene chini hauingii katika fremu iliyotengenezwa kwa shina lililonyooka la inchi 1⅛.

Fremu iliyotumika ikaguliwe mchana, ikiwa imefutwa vumbi. Tazama maungio yote, sehemu ya chini karibu na kranki, na nyuma ya bomba la mbele, ambako rangi iliyokunjamana huonyesha kwamba fremu imewahi kugonga kitu. Chuma kilichopasuka huweza kuchomelewa. Nyuzi za kaboni, kwa upande wao, huweza kuficha ufa chini ya rangi, na kwa sababu hiyo nisingeshauri mwanzilishi anunue uma wa kaboni uliotumika ambao historia yake haijulikani. Uma ukivunjika mwendoni, mwendeshaji huangukia uso.

Gia zinataka uamuzi mmoja unaofanywa mapema na kuheshimiwa hadi mwisho. Wenzo wa kubadilishia gia huvuta kebo kwa kiasi maalumu, na kihamisha cheni cha nyuma kimeundwa kwa kiasi hichohicho, hivyo vya kampuni ya Shimano na vya kampuni ya SRAM kwa kawaida haviendani, na hata ndani ya Shimano, wenzo wa gia 11 za barabarani kwa kawaida haupatani na kihamisha cheni cha gia 10. Njia iliyo salama, na mara nyingi nafuu, ni kutafuta baiskeli nzima iliyotumika ambayo fremu yake haikufai, ukahamisha mfumo wake wote wa gia. Gurudumu la nyuma, fedha zikiruhusu, liwe la kupokea kaseti (fungu la magurudumu ya meno ya nyuma) ya gia 11 za Shimano. Hilo hupokea pia ya gia 10 kwa kuongezewa ringi nyembamba ya milimita 1.85, ilhali gurudumu la zamani la gia 10 kwa kawaida halipokei ya 11.

Tenga fungu la vitu vidogo, kwa maana kebo, maganda yake, utepe wa usukani, tyubu na grisi vikijumlishwa hugharimu kuliko inavyodhaniwa. Vifaa vya kufungulia kaseti na kranki vinaweza kuazimwa kwa fundi. Tairi na cheni vinunuliwe mwisho, kwani mpira huzeeka hata ukiwa kabatini.

Shina la uma nalo lisikatwe siku ya kuunganisha. Urefu unaozidi ujazwe kwa ringi ndogo juu ya shingo ya usukani, baiskeli iendeshwe hivyo kwa wiki kadhaa, na msumeno usubiri hadi mikono na mgongo vithibitishe kwamba kimo cha usukani kinafaa.