Umebadilishiwa kampuni ya dawa ya sukari? Soma boksi kwanza

Unaenda kuchukua dawa kama kawaida, unapewa boksi la rangi nyingine, jina geni, kidonge chenyewe kimekuwa kikubwa kuliko cha zamani, na unaambiwa "ni ile ile tu". Mara nyingi ni ile ile kweli. Ila kuna sehemu chache ambapo sio ile ile hata kama jina la dawa ni moja, na hizo ndo za kuzijua, kwasababu watu wengi wanahangaika na rangi ya kidonge wakati tatizo lenyewe liko kwenye herufi mbili zilizoandikwa pembeni ya jina.

Anza hivi: achana na jina kubwa la mbele, tafuta jina dogo lililoandikwa chini yake, hilo ndo jina la dawa yenyewe. Glucophage ni metformin. Diamicron ni gliclazide. Galvus Met ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, vildagliptin na metformin, na Janumet ni sitagliptin na metformin. Ukishapata jina dogo linganisha na boksi la zamani (usilitupe kabla hujaanza jipya, au lipige picha tu). Hapa ndo penye hatari ambayo watu hawaiongelei sana: mtu ana Glucophage nyumbani, akapewa metformin ya kampuni nyingine, akadhani ni dawa ya kuongezea, akawa anameza zote mbili, kumbe anakula dozi mara mbili. Au yuko kwenye Janumet halafu anameza na metformin ya pembeni aliyobakiza zamani. Metformin ikizidi tumbo litakusumbua na kwa mwenye figo mbovu inaweza kuwa hatari kweli, na ukirudia hivyo hivyo dawa kama gliclazide sukari inaweza kushuka mpaka uanguke. Halafu kuna dawa zina majina madogo mawili, glibenclamide na glyburide ni kitu kimoja, Marekani wanaiita glyburide sehemu nyingine wanasema glibenclamide, kwahiyo usishtuke, na usimeze zote.

Sasa, je kampuni tofauti zinafanya kazi tofauti? Kampuni ikitaka kuuza dawa ya kuiga ile ya kwanza, kwa kawaida inatakiwa ipime kwa watu, wanapewa hii na ile kwa zamu, wanatolewa damu mara kadhaa, inaangaliwa dawa imefika juu kiasi gani kwenye damu na jumla imeingia kiasi gani. Majibu, pamoja na kosa lake la kihesabu lote, lazima yakae kati ya asilimia 80 na 125 ya dawa ya kwanza. Watu wakisikia 80 wanasema "kumbe wanaruhusiwa kupunguza dawa", hapana, hicho sio kiasi cha dawa ndani ya kidonge, kiasi cha ndani kina mipaka yake mikali zaidi. Na ili lile kosa lote lienee humo ndani, wastani wenyewe lazima uwe karibu sana na 100. Kwahiyo metformin ya kawaida ya miligramu 500 iliyosajiliwa vizuri, ya kampuni A au B, sukari yako haitajua tofauti. Mimi hapo sina wasiwasi kabisa.

Kinachoweza kubadilika ni vile vitu vya kushikilia kidonge, wanga, rangi, wengine wanaweka laktosi. Tumbo la mtu mmoja mmoja linaweza kulalamika. Ila na metformin yenyewe inaharisha watu hata bila kubadilisha kampuni, hasa ukimeza bila chakula, kwahiyo usikimbilie kulaumu boksi jipya.

Haya, sasa zile herufi. XR, SR, MR, zote maana yake kidonge kinaachia dawa polepole. Gliclazide ya kawaida ya 80 na gliclazide MR ya 30 zinahesabika sawa, sio makosa ya uchapishaji, ndo maana mtu aliyekuwa anatumia ya 80 akiona 30 anasema nimepunjwa anameza tatu, na hapo amejipa karibu mara tatu ya dozi yake. Usifanye hesabu ya miligramu mwenyewe hapo. Vidonge vya kuachia polepole havisagwi wala havitafunwi, ukivisaga dawa yote inaingia kwa mpigo. Na ukiona kwenye choo kitu laini kama kidonge kizima usiogope, Glucophage XR inafanya hivyo, dawa imeshatoka limebaki ganda. Jambo lingine, metformin za kuachia polepole zenyewe hazijatengenezwa kwa njia moja, Glucophage XR, Fortamet na Glumetza kila moja ina mtambo wake wa kuachia dawa, kwahiyo ukihamishwa kutoka moja kwenda nyingine aliyekuandikia dawa awe anajua. Glibenclamide nayo kuna iliyosagwa laini sana, hiyo inanyonywa zaidi, mtu akihamia huko dozi inapangwa upya.

Kwa wa insulini kuwa makini mara mbili, huku kosa linaonekana siku hiyo hiyo. Lantus, Basaglar na Semglee zote ni glargine (insulini inayofanya kazi polepole siku nzima) ya yuniti 100 kwa mililita, na Semglee mwaka 2021 ilikuwa ya kwanza kuruhusiwa Marekani kubadilishwa na Lantus moja kwa moja pale famasi. Lakini Toujeo nayo ni glargine, ila ya yuniti 300, na hiyo sio Lantus, anayetoka Toujeo kwenda Lantus kwa kawaida anaanza na asilimia 80 ya yuniti zake. Mixtard 30 na NovoMix 30 zinafanana kwa namba tu, ya kwanza unachoma kama nusu saa kabla ya kula, ya pili unachoma chakula kikiwa mezani, ukichoma NovoMix halafu ukasubiri nusu saa unaitafuta shida. Na angalia bomba la sindano: insulini ya 100 ukiivuta kwa bomba la 40, kila mstari unabeba mara mbili na nusu ya ulichodhani. Ukivuta ya 40 kwa bomba la 100 unapata pungufu. Namba ya kichupa na namba ya bomba zifanane, basi.

Sasa umehakikisha jina dogo, herufi na miligramu vyote sawa, na bado unahisi dawa mpya haifanyi kazi. Pima, usihisi. Asubuhi kabla ya kula, saa ile ile, mashine ile ile, andika kama wiki mbili, huku chakula na mazoezi ukiviacha kama vilivyokuwa. Kumbuka mashine zinaruhusiwa kukosea mpaka asilimia 15, kwahiyo sukari ya kweli ikiwa 8 (kwa mashine za mmol/L), mashine ikisoma 6.8 au 9.2 bado iko sawa, ndo maana namba moja haikuambii chochote. Angalia kama zote zimepanda kwa pamoja. Kipimo cha HbA1c usikipeleke mapema, kinaonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu ya nyuma, utakuwa unapima dawa ya zamani. Ila ukisoma chini ya 4 (au 70 kwa mashine za mg/dl) hiyo sio ya kusubiri wiki mbili, kula sukari papo hapo kisha piga simu kwa daktari.

Kama kweli zimepanda zote, usiongeze kidonge mwenyewe. Peleka kwa daktari ile karatasi uliyoandika na boksi, lenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha, kwasababu shida inaweza kuwa ya toleo moja na sio ya kampuni nzima. Mwaka 2020 Marekani matoleo kadhaa ya metformin ya kuachia polepole yalirudishwa kwasababu ya uchafu unaoitwa NDMA, na hata hapo wagonjwa waliambiwa waendelee kumeza mpaka wapate mbadala. Na Juni 2024 WHO ilitoa onyo la Ozempic (sindano ya sukari) bandia, hiyo sasa ni habari nyingine kabisa, bandia haijapimwa na mtu. Boksi lenye maandishi ya ajabu, namba ya toleo ya nje haifanani na ya ndani, peni imebandikwa karatasi juu ya karatasi, usitumie, rudisha na uripoti kwa mamlaka ya dawa.